Mchele Tele, Damu Haba: Chakula cha Kwanza cha Mtoto Bonde la Kilombero

Anayedhani utapiamlo ni jina jingine la njaa asome takwimu za mikoa inayolisha nchi. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa. Iringa walikuwa karibu 57 katika kila 100. Njombe na Rukwa karibu 50. Hiyo ni mikoa ya mahindi, maharage na viazi, ambayo magari yake ya mazao hayakauki barabarani.

Bonde la Kilombero liko chini ya safu ya Udzungwa, jirani na Iringa hiyo hiyo, nalo ni ghala kwa haki yake. Mchele wake unanadiwa Dar es Salaam kwa jina la Kilombero au Ifakara, na muuzaji hahitaji kusema zaidi. Mto una perege, kambale na kitoga. Mang'ula kuna ndizi. Vijijini kuna maboga, kunde, ufuta, mapapai na matembele yanayoota hata pasipo kupaliliwa. Kwa hiyo, kwa mtoto anayetimiza miezi 6 Ifakara, Mlimba au Malinyi, kuuliza kama chakula kipo hakutufikishi mbali. Kipo. La kuuliza ni kipi kati ya hicho kinafika kwenye bakuli lake, kina uzito gani, kinamfika mara ngapi kwa siku, na nani yuko karibu wa kumlisha.

Hoja yangu ni hii. Kwa mazoea yetu, mlo wa mtoto hupangwa kuanzia kwenye nafaka: uji kwanza, kitoweo kikipatikana. Mpangilio huo unafaa kugeuzwa. Mama aanze kwa kujiuliza leo mtoto atapata samaki, yai, maini au kunde, kisha ndipo uji, wali au ndizi zifuate. Na mpango huo usiandikwe kwa kuangalia orodha ya vyakula peke yake. Uandikwe kwa kuangalia pia kalenda ya shamba la mpunga, kwa sababu ndiyo inayoamua mama atakuwa wapi saa ya kula.

Kwa nini miezi 6, wala si 3 wala 9

Maziwa ya mama yanatosha kwa kila kitu hadi miezi 6, maji yakiwemo, hata katika joto la Ifakara la mwezi Desemba. Utafiti wa 2022 ulionyesha kuwa watoto wapatao 64 katika kila 100 wa umri huo nchini hunyonya maziwa ya mama pekee. Waliobaki hupewa maji, maziwa ya ng'ombe au uji mwepesi, na sababu inayotajwa sana ni ile ile: mtoto analia, maziwa hayamtoshi. Lakini mtoto hulia kwa joto, kwa usingizi, kwa tumbo, na kwa kutaka kubebwa. Uji wa mwezi wa 3 unamnyamazisha kwa kuwa umejaza tumbo. Akishashiba maji ya uji hunyonya kidogo, matiti nayo hutoa kidogo, na mama huona amethibitisha kwamba maziwa yake kweli yalikuwa machache.

Kuchelewa nako kuna gharama yake. Mtoto aliyetimiza siku zake tumboni huzaliwa na akiba ya madini ya chuma inayomsogeza hadi karibu miezi 6. Aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo huimaliza mapema zaidi. Maziwa ya mama ni bora kwa mengi, ila chuma chake ni kidogo mno, takriban miligramu 0.3 kwa lita. Ndiyo maana mtoto wa miezi 9 hadi 11 bado anapata nusu au zaidi ya nguvu zake kwenye titi, lakini karibu chuma chote anachohitaji, kiasi cha asilimia 97, lazima kitoke kwenye kijiko.

Sasa weka wali kwenye mizani hiyo. Gramu 100 za wali mweupe zina takriban miligramu 0.2 za chuma, na mtoto wa umri huo anahitaji miligramu 9 hadi 11 kwa siku. Ili azipate kwenye wali pekee, angelazimika kula zaidi ya kilo 4 kila siku. Uji wa sembe nao hauko mbali na hapo. Nafaka iliyokobolewa inampa nguvu za kutambaa, lakini damu haimpi.

Ifakara na suala la damu

Ni miji michache Afrika ambako damu ya watoto wachanga imechunguzwa kwa karibu kama Ifakara. Maabara iliyofunguliwa hapo mwaka 1957 na Rudolf Geigy, mtaalamu kutoka Basel nchini Uswisi, ndiyo mzizi wa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Katikati ya miaka ya 1990, timu iliyoongozwa na Clara Menéndez iliwafuatilia watoto 832 katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kundi moja lilipewa madini ya chuma kila siku kuanzia wiki ya 8 hadi ya 24, la pili dawa ya kuzuia malaria, la tatu vyote viwili, na la nne dawa bandia ya kulinganishia. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1997. Chuma kilipunguza upungufu mkali wa damu kwa takriban asilimia 29. Dawa ya malaria iliupunguza kwa takriban asilimia 57.

Namba hizo zinasomwa kwa njia mbili, na zote mbili ni za kweli. Ya kwanza: katika bonde la mbu, damu ya mtoto huvunjwa na malaria kuliko inavyokosa chakula, kwa hiyo bakuli zuri bila chandarua ni kazi nusu. Ya pili: hata malaria ikiwekwa kando, ukosefu wa chuma peke yake ulikuwa unawafikisha watoto hospitalini. Na watoto hao walianza kupewa chuma kabla ya umri wa kuanza chakula, kikawasaidia, dalili kwamba huenda akiba waliyozaliwa nayo ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Mama aliyebeba mimba akiwa na upungufu wa damu humrithisha mwanawe ghala tupu.

Mzazi anaweza kuona njia ya mkato hapo: akanunue dawa ya maji ya kuongeza damu dukani, yaishe. Utafiti uliofanyika Pemba na kuchapishwa mwaka 2006 unatuonya. Watoto wadogo waliopewa vidonge vya chuma na foliki kila siku, katika kisiwa chenye malaria nyingi wakati huo, walilazwa au kufariki zaidi kuliko wenzao, kwa tofauti ya takriban asilimia 12, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Chuma cha dawa ni kazi ya mhudumu wa afya, baada ya kipimo na pamoja na kinga ya malaria. Chuma cha chakula huingia kidogo kidogo kikiwa kimechanganyika na vitu vingine, na hicho mama anaweza kukipanga mwenyewe jikoni.

Samaki, yai na mchuzi

Kitoweo cha bonde ni samaki. Katika nyumba nyingi mtoto huonjeshwa samaki huyo kwa njia ya mchuzi: wali unalowekwa, unapondwa, anapewa. Minofu inabaki kwa baba na wageni. Mchuzi una ladha na chumvi, ila kilichomjenga samaki kimebaki kwenye mnofu. Mtoto wa miezi 7 anahitaji vijiko 2 vya chakula vya mnofu uliochambuliwa miiba na kupondwa, kiasi ambacho hakimpunguzii mtu mzima kitu cha kulalamikia.

Tuseme pia ukweli kuhusu perege: mnofu wake hauna chuma kingi. Faida yake, mbali na protini, ni kwamba samaki na nyama huusaidia utumbo kufyonza chuma kilichomo kwenye kunde na mboga za majani, ambacho vinginevyo hupita tu. Papai au embe baada ya mlo hufanya kazi kama hiyo kwa vitamini C yake. Chai ya rangi inafanya kinyume, kwani hukifunga chuma kisifyonzwe. Kikombe cha chai na kipande cha andazi, ambacho ndicho kifungua kinywa cha watoto wengi wanapokaribia mwaka, kinampotezea hata kile alichokula. Penye chuma chenyewe ni kwenye maini. Maini ya kuku au ya ng'ombe, mara moja au mbili kwa wiki, yakiivishwa sawasawa na kusagwa, yanafanya kazi ambayo sufuria nzima ya uji haiwezi. Dagaa wanaoliwa wazima, mifupa na yote, nao humwongezea mtoto kalisi.

Kuhusu mayai kuna tafiti mbili zinazofaa kusomwa pamoja. Nchini Ecuador, watoto walioanza wakiwa na miezi 6 hadi 9 walipewa yai 1 kila siku kwa miezi 6, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha udumavu umepungua kwa asilimia 47. Dunia ikashangilia yai. Utafiti kama huo ukarudiwa Mangochi, kando ya Ziwa Malawi, na matokeo ya 2019 hayakuonyesha tofauti ya urefu wala ya udumavu. Maelezo mojawapo ya watafiti ni kwamba watoto wa huko walikuwa tayari wanakula samaki. Kwa mama wa Kilombero fundisho ni jepesi: siku ya samaki, yai si lazima, siku ambayo samaki hakuna, yai ndilo la kushika zamu.

Tatizo la yai ni kwamba lina wateja wengine. Huuzwa kupata fedha ya chumvi na sabuni, au huachwa liatamiwe. Wapo pia wanaoamini kwamba yai humchelewesha mtoto kusema, jambo lisilo na ushahidi. Na kuku wenyewe hufagiwa na ugonjwa wa mdondo banda zima kwa wiki moja. Chanjo ya mdondo ni tone moja jichoni mwa kuku, hurudiwa kila baada ya miezi 3, na kuku 20 wa kijiji kimoja wakichanjwa pamoja gharama inakuwa ndogo. Afisa mifugo anayehimiza chanjo hiyo anafanya kazi ya lishe, hata kama hakuna anayemhesabu hivyo.

Uzito wa uji na siri ya kimea

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji takriban kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Wa miezi 9 hadi 11 anahitaji takriban 300. Si nyingi, ila tumbo lake ni dogo: kwa kila kilo ya uzito wake linabeba kiasi cha mililita 30. Mtoto wa kilo 7 hujaa kwa mililita 210. Uji mwepesi unaonyweka kama chai, wenye unga kijiko kimoja kwa kikombe kizima, una kilokalori zisizozidi 50 kwa kikombe. Ili afikishe 200 angepaswa kunywa vikombe 4, na hapo titi lingekosa nafasi.

Mama anajua kwamba uji mzito humpalia mtoto au humfanya ageuze uso, ndiyo maana anaupunguza kwa maji. Dawa ya hapo inajulikana tangu miaka ya 1980. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, pamoja na wenzao wa Uswidi walionyesha kwamba unga wa nafaka iliyooteshwa hulegeza uji mzito bila kuongeza maji. Ni kimea kile kile kinachofahamika kwa wapishi wa pombe za kienyeji. Mtama au ulezi huoshwa, ukalowekwa usiku kucha, ukafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku 2 au 3 hadi uchipue, ukaanikwa juani. Vichipukizi na vijizizi huondolewa kwa kusugua na kupepeta, hasa kwa mtama, kwa sababu vya mtama vina sumu. Kisha husagwa.

Matumizi yake ni ya dakika chache. Pika uji mzito unaosimama kwenye mwiko. Epua, uache upungue moto kidogo, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga. Uji unaanza kulegea mbele ya macho. Urudishe jikoni uchemke tena, ndipo umpe mtoto. Uji huo unateremka kama ule mwepesi, lakini una unga mara mbili au tatu zaidi. Asiye na kimea aongeze kijiko cha chai cha mafuta ya kula au karanga zilizosagwa. Mafuta peke yake yanaleta takriban kilokalori 40.

Kimea kilienezwa katika Programu ya Lishe ya Iringa, iliyoanza mwaka 1983 kwa msaada wa UNICEF, Shirika la Afya Duniani na serikali ya Italia. Vijiji vilipima watoto, vikajadili matokeo hadharani, vikahimiza mtoto alishwe mara nyingi zaidi kwa siku. Utapiamlo mkali ulishuka. Kwamba Iringa hiyo hiyo leo inaongoza kwa udumavu kunatufundisha kutofautisha mambo mawili. Kumwokoa mtoto asikonde ni jambo la wingi wa nguvu na idadi ya milo. Kumfanya arefuke kunadai pia ubora wa kitoweo, mama mwenye afya tangu mimba, na maradhi machache. La kwanza lisipofuatwa na la pili, mtoto anaishi lakini hakui inavyopasa.

Uji wa lishe na kisichoonekana

Pakiti ya uji wa lishe sokoni siku hizi ina mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, na wakati mwingine mbegu za maboga na dagaa juu yake. Mzazi huona akipata vitu 8 kwa mpigo amemaliza kazi. Wataalamu wa lishe wamekuwa wakishauri vinginevyo: nafaka moja na jamii moja ya kunde zinatosha. Nafaka 4 zilizosagwa pamoja bado ni nafaka. Soya isipokaangwa au kuchemshwa kwanza humsumbua mtoto tumbo, na karanga ndani ya unga huchacha mapema. Zaidi ya yote, mchanganyiko ukiwa mkubwa, punje moja mbovu inatosha kuharibu debe zima bila mtu kujua ilikotoka.

Ubovu wenyewe una jina: sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoathirika. Kwa watoto wachanga madhara yake huja kimyakimya. Utafiti wa Martin Kimanya na wenzake uliofanyika Rombo, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta kwamba watoto waliokula kiwango kikubwa cha sumu ya kuvu jamii ya fumonisini kwenye mahindi ya uji walikuwa wafupi na wepesi zaidi walipofika mwaka mmoja. Sumu hii haiishi kwa kupikwa. Huzuiliwa kwa kukausha juu ya turubai badala ya udongo, kuhifadhi mahali pakavu, na kuchambua punje na karanga zilizobadilika rangi. Mahindi na karanga ndivyo vinavyohitaji macho zaidi. Mchele kwa upande huu una nafuu, na hapo bonde lina bahati yake. Kwa hiyo uji wa mchele au ulezi, wenye karanga zilizochambuliwa na kusagwa nyumbani kidogo kidogo, ni salama kuliko pakiti isiyojulikana ilisagwa lini.

Hatari ya pili ni vijidudu. Uji wa asubuhi ukiwekwa kwenye chupa ya chai kuwa wa siku nzima, joto lake hushuka hadi kiwango kinachowapendeza bakteria. Bonde hili limewahi kupata somo kali. Kipindupindu kilipozuka Ifakara mwaka 1997, uchunguzi ulikihusisha na kuoga mtoni, umbali wa kufuata maji na kula samaki wakavu. Samaki mkavu na dagaa bado ni kitoweo kizuri cha mtoto. Ila waoshwe, wakaangwe au wachemshwe upya kabla ya kusagwa, na unga wao uchemke ndani ya uji badala ya kunyunyizwa juu. Mtoto alishwe kwa kikombe na kijiko. Chupa yenye chuchu ni ngumu kuosha hata mjini penye maji ya bomba.

Kalenda ya mpunga

Hapa ndipo ushauri mwingi wa kliniki unapovunjika. Mvua za bonde huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Mei. Familia nyingi za Ifakara na vijiji vya kando ya mto huhamia mashambani, ng'ambo au ndani kabisa ya bonde, na kuishi huko kwenye vibanda na madungu kwa wiki au miezi. Desemba na Januari ni kupanda, Februari na Machi palizi, Aprili na Mei kuamia ndege, kisha kuvuna. Palizi haingoji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 na hadi saa 2 kila siku za kumnyonyesha mtoto. Mama mwenye ekari 2 za mpunga hana wa kumwomba ruhusa hiyo isipokuwa magugu.

Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Agosti hutimiza miezi 6 Februari, katikati ya palizi, wakati chakula cha mwaka jana kimepungua, bei zimepanda, duka liko mbali na malaria iko juu. Mama ana njia mbili. Akimwacha kwa bibi mjini, mtoto anapata uji lakini anakosa titi mchana kutwa, pengine wiki nzima. Akienda naye, titi lipo, ila chakula kinapikwa mara 2 kwa siku kama cha watu wazima. Mtoto aliyezaliwa Januari anaanza chakula Julai: mpunga umeshavunwa, fedha ipo, maji yanashuka na samaki ni wengi. Watoto wawili wa mama mmoja, miaka tofauti, wanaanza maisha kwa bahati tofauti kwa sababu ya mwezi wa kuzaliwa.

Mpango unaofaa basi ni wa mama kufungasha kabla ya kuhama. Vitu ni vichache na vyote havihitaji friji: unga wa ulezi au mchele, kopo la kimea, kunde zilizokaangwa na kusagwa, unga wa dagaa uliokaushwa vizuri, mafuta kidogo, chandarua. Dunguni kuna matembele na majani ya maboga bila kununua, na perege wa mtego. Kuku 2 wa mayai wanaweza kuhama na familia kama wanavyohama mbuzi. Na wakati wa mavuno, kabla gunia la mwisho halijauzwa, baba na mama waamue pamoja fungu la fedha ya maini na mayai ya Februari. Uamuzi huo mara nyingi ni wa baba, ingawa mafunzo ya lishe hutolewa kwa mama.

Kutoka kijiko hadi bakuli

Mtoto akitimiza miezi 6, anza na vijiko 2 au 3 vya chakula laini, mara 2 kwa siku, baada ya kunyonya. Uji mzito wenye karanga asubuhi. Boga au ndizi iliyopondwa na mnofu wa samaki mchana. Kufikia miezi 8 awe anakula mara 2 au 3, nusu kikombe cha mililita 250 kila mara. Miezi 9 hadi 11, milo 3 au 4, nusu kikombe au zaidi kila mara, vitu vikatwe vidogo badala ya kusagwa, na katikati apewe papai, ndizi mbivu au kiazi lishe ashike mwenyewe. Akifika mwaka ale chakula cha nyumbani, kwenye bakuli lake, maana kwenye sinia la pamoja mkono mdogo huwa wa mwisho.

Siku moja ya mtoto wa miezi 7 mwezi Julai inaweza kuwa hivi: asubuhi uji wa ulezi uliolegezwa kwa kimea na kijiko cha karanga, mchana ndizi zilizopikwa na perege, matembele yaliyokatwa laini na mafuta, jioni wali laini na kunde zilizochujwa maganda, kisha papai. Februari, perege anabadilishwa kwa unga wa dagaa au yai, na ndizi kwa boga. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau makundi 5 ya vyakula kati ya 8 kwa siku, maziwa ya mama yakihesabiwa. Siku hizo zote mbili zinafika hapo.

Yapo ya kuacha kabisa kabla ya mwaka. Asali, hata ile nzuri ya msituni, inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli ya mtoto mchanga. Soda, juisi za pakiti, sukari kwenye uji na chai havina nafasi. Karanga nzima na mnofu wenye miiba humkaba. Maziwa ya wafugaji yachemshwe na yatumike kupikia, yasichukue nafasi ya titi. Mtoto akiumwa anyonyeshwe zaidi na alishwe kidogo kidogo. Akipona aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki 2.

Pengo la karibu miezi 6

Mwisho kuna jambo la mfumo. Chanjo za Tanzania hutolewa kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9. Mama huenda kliniki kwa uaminifu mkubwa siku za chanjo, na mahudhurio ya kupima uzito tu hulegea. Hivyo mwezi wa 6, mwezi ambao mtoto anaanza kula, unaangukia kwenye pengo. Ushauri wa chakula unatolewa wiki ya 14, mapema mno hata ukamshawishi mtu aanze, au miezi 9, baada ya miezi 3 ya uji mwepesi. Tone la vitamini A la miezi 6 ni sababu nzuri ya kumwita mama siku hiyo, na kituo kinaweza kuliandika kwenye kadi kwa tarehe kamili tangu wiki ya 14, pamoja na swali moja: siku hiyo mtakuwa mjini au shambani?

Wakiwa shambani, mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye wa kuwafuata. Bonde lina uzoefu wa hilo. Kuanzia 2011 Taasisi ya Afya Ifakara iliwafunza Wawezeshaji wa Afya ya Jamii katika vijiji vya Kilombero, Ulanga na Rufiji, watembee nyumba kwa nyumba. Mhudumu kama huyo akifika na kimea na bakuli, akakoroga uji mbele ya mama, bibi na baba, atakuwa ameeleza zaidi ya bango lolote la ukutani.

Halmashauri za bonde zikitaka hatua moja ya kuanzia, iwe Novemba: kabla familia hazijahama, kila mwenye mtoto atakayetimiza miezi 6 kati ya Januari na Mei aitwe, apangiwe kitoweo cha msimu na apimwe damu. Watoto wanaohusika wanajulikana, kwa sababu kila mmoja wao alishapewa kadi siku aliyozaliwa.